Homa imeisha lakini viungo vinavimba mpaka leo. Hii chikungunya tunaitibu namna gani?

#1 Mama wa Ndosho
Jambo bote. Niko na swali juu ya yaya yangu, dada yangu mukubwa. Alirudi Goma kutoka Matadi, kule kwa bwana yake, na kule alishikwa na homa kali, mwili moto, vipele vyekundu, na viungo vyote vikamukamata mara moja, mikono, vifundo vya miguu, magoti. Homa yenyewe iliisha mbio, juma haikujaa. Lakini viungo njo vinakataa. Sasa ni miezi, asubuhi akiamka vidole havifungi ngumi, mwiko wa bugali anaushika na mikono mbili na bado unamuponyoka, miye njo namumalizia kusonga. Hapa kwenye kartie bamemupatia kila kitu, kini ya malaria, antibiotiki ya tifoide, sindano ya dexa na diklo kila akilia. Sindano inamusaidia siku mbili tatu halafu maumivu inarudi na hasira. Mwenye kujua anisaidie: hii ni chikungunya kweli, ile homa ya mbu? Na kama ni yenyewe, inatibiwaka namna gani? Juu naona tunamuchoma tu bila kujua tunatibu nini.

#2 Motari Birere
Pole sana mama. Hiyo ni malaria haikutoka muzuri, inajifichaka kwenye mifupa. Mudogo wangu alikuwa vile vile, tulimuwekea kini ya serumu na akasimama. Apige GE tena, kile kipimo cha malaria, na asikubali vidonge tu.

#3 Enfirmie Himbi
Motari, heshima yako lakini hapana. Malaria inaumiza mwili muzima ndiyo, ila kuvimbisha vifundo na vidole miezi nyingi kisha homa kuisha, hiyo haiko tabia yake. Na kama GE ilikuwa negatifu, kini itatibu nini? Itamupigisha masikio kelele na kumushusha sukari, basi. Mudogo wako pengine alipona juu wakati wake wa kupona ulikuwa umefika.

Mama wa Ndosho, homa ya gafula + viungo pande zote mbili (mukono wa kuume na wa kushoto, vifundo vyote viwili) + vipele, na ametoka Matadi: miye pia ningewaza chikungunya kwanza. Ila nitakuomba vitu kidogo: iko na miaka ngapi, alikuwaka na rumatizimu mbele, na iko na vidonda vya tumbo ao tansio (presha)?

#4 Mwana Kadutu
Hapa Bukavu mutu akivimba viungo vyote kwa mara moja na lopitale haioni kitu, bazee banasema ni karuho, ile sumu mutu anapewa kwa siri. Sisemi ni yenyewe, nasema tu musifunge mulango. Kuna mama mumoja hapa Kadutu alitapishwa na akapona.

#5 Dada Nguba
@Mwana Kadutu weye unaniumiza roho. Binamu yangu alikuwa na homa kama hii ya yaya, bakamupeleka kutapishwa, mwili ulikuwa umeshakauka na homa, akarudi hawezi hata kusimama, ikabidi serumu mbio mbio. Mutu mwenye homa hatapishwi. Na ule mama wa Kadutu angepona hata bila kutapika, juu wengi banapona benyewe ndani ya majuma. Njo maana kila dawa ya hii ugonjwa inapata sifa, hata ile haikufanya kitu.

#6 Lushois Katuba
Jambo ba ndugu wa Kivu. Miye niko Lushi. Hii ugonjwa ilianza Kinshasa mwaka 2019, ni mupya, njo maana baganga bengi hawaijue.

#7 Labo Goma
Lushois, nikurekebishe kidogo. 2019 ni kweli, Kinshasa na Kongo Central, Matadi na Kasangulu mulemule. Lakini Kinshasa ilikuwa imeshaona chikungunya kubwa 1999-2000. Na ugonjwa wenyewe uliandikwa kwanza 1952-53 kule Newala, kusini ya Tanzania ya leo. Haiko mutoto wa jana.

Juu ya swali la mama. Vipimo viko viwili na kila kimoja na wakati wake. PCR inatafuta kirusi chenyewe, inafaa juma ya kwanza ya homa, kisha hapo kirusi kimeshatoka kwenye damu na jibu litakuwa negatifu hata kama ugonjwa ni wenyewe. Kisha hapo munapima antikori, IgM, ambayo inaweza kubaki miezi. INRB iko na labo hapa Goma, muulize munganga kama anaweza kutuma damu.

Ila jueni hii: antikori za chikungunya zinachanganyikanaka na za o'nyong-nyong. Ni ndugu wawili wa karibu. Pozitifu inaweza kuwa ya ule mwingine.

#8 Motari Birere
O'nyong-nyong tena? Labo, leo unatuletea majina yote ya duniani 😂

#9 Labo Goma
Haiko mbali hata kidogo Motari. Ilianza kaskazini ya Uganda 1959, ikapita kwa watu karibu milioni 2 mpaka 1962. Inabebwa na anofele, mbu ule ule wa malaria, anauma usiku. Chikungunya inabebwa na Aedes, ule mbu mweusi na madoa meupe kwenye miguu, anauma muchana. Kwenye o'nyong-nyong mara mingi tezi za shingo zinavimbaka. Mama, yaya alivimba shingo?

#10 Mama wa Ndosho
Aksanti kwa bote. Shingo hapana. Iko na miaka 52, hakukuwaka na rumatizimu, tansio njo iko nayo na anakunywa dawa. Tumbo linamuchoma tangu sindano zilianza. GE tulipiga mbili, negatifu. Widali, kipimo cha tifoide, bakasema pozitifu, njo ile antibiotiki ilitoka hapo.

#11 Enfirmie Himbi
Tansio na tumbo linachoma, na bado banamuchoma diklo. Mama, simamisha ile kwanza, leo. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha tansio, zinachuna tumbo, na figo nazo zinalipa. Kama iko na choo nyeusi kama makaa, haiko kusubiri kesho, ni lopitale palepale.

Widali musiitegemee sana, inapandaka hata na homa zingine, watu wangapi hapa Goma tumebatibu tifoide ambayo hawakuwa nayo.

Sasa miaka 52 na ni mwanamuke, hiyo nayo inaongea. Wenye kupita miaka 45, wanawake, na wenye viungo vilikuwa na shida mbele, bale njo banachelewaka kupona.

#12 Binti wa Mvita
Hamjambo ndugu zetu. Mimi nipo Mombasa, uzi huu nimeuona nikaona niseme. Sisi hapa iliingia mwisho wa 2017 ikaendelea 2018, mtaani kwetu karibu kila nyumba kulikuwa na mtu anatembea kama kikongwe. Lamu walikuwa wameshaipata 2004, na walipokwenda kupima damu za watu wakakuta karibu robo tatu ya kisiwa imeshapitiwa. Shangazi yangu alikaa zaidi ya mwaka na vidole vimekakamaa. Tulichofundishwa hospitali ni kwamba zile siku za mwanzo panadol tu, hakuna aspirini, hakuna diklofenaki, kwa sababu huwezi kujua kama si dengi, na dengi ukiitia dawa hizo damu inaweza kuvuja. Maji kwa wingi na kupumzika. Mambo mengine baadaye.

#13 Lushois Katuba
Binti, karibu. Kumbe hata Bongo na Kenya njo vile vile. Miye kwetu bananipatiaka klorokini, ile ya zamani chungu, banasema inauwa kirusi. Kwa nini hamuitaji? Hata wakati wa korona batu bengi banasema ilibasaidia.

#14 Mwanafunzi wa Medsini, Bukavu
Kaka wa Lushi, klorokini ilijaribiwa kisawasawa Réunion 2006. Ile mwaka kisiwa kilipigwa, mutu mumoja kwa watatu aliugua. Baganga bakagawa wagonjwa wa homa mpya, bamoja klorokini, bengine dawa bandia. Haikusaidia chochote kwenye homa, na mbaya zaidi, kisha miezi bale ya klorokini njo balikuwa na maumivu ya viungo mingi kuliko bengine. Kwa hiyo mwanzoni mwa ugonjwa, achana nayo. Kuna ndugu yake, hidroksiklorokini, ile inatumiwaka kwa viungo vya muda mrefu, lakini hiyo ni hadisi ingine na wakati mwingine.

Na nikuongezee: mwaka 2025 OMS, Shirika la Afya Duniani, ilitoa miongozo ya hizi homa za mbu zote pamoja, dengi, chikungunya, Zika, homa ya manjano. Kwa mutu ambaye haiko katika hali ya hatari, kwenye ile homa ya mwanzo, ni parasetamoli, hakuna kundi la ibuprofeni, na hakuna kortikoidi (kundi la dexa). Binti wa Mvita amesema sawa.

#15 Mzee wa Katindo
Watoto wangu, musisahau dawa zetu. Mubirizi uchemshwe, unywe asubuhi. Tangawizi ipondwe, ichanganywe na mawese ya moto, umukande magoti jioni. Sisi tulikulia hivyo.

#16 Enfirmie Himbi
Papa Mzee, kukanda na mawese na tangawizi sina shida nayo, damu inatembea na mugonjwa anasikia anapendwa. Mubirizi tu uwe na akiba, unashushaka sukari, na mwenye kunywa vidonge vya sukari au tansio amuambie munganga wake. Na wakati kiungo bado kinawaka moto na kimevimba sana, musiweke joto juu yake, kitambaa cha maji baridi njo kinatuliza.

#17 Mwana Kadutu
Mimi nauliza hivi, kirusi kimetoka kwenye damu kama Labo alisema #7, basi viungo vinavimba juu ya nini? Hapo njo munashindwa kunijibu na munacheka karuho.

#18 Mwanafunzi wa Medsini, Bukavu
Swali nzuri kabisa, na wakubwa benyewe hawajaelewana. Kuna kundi linasema mabaki ya kirusi yanajificha ndani ya kiungo. Réunion balichukua kipande cha ngozi ya ndani ya kiungo cha mugonjwa mumoja, miezi 18 kisha homa, na bakakuta alama za kirusi ndani ya seli za kinga. Kundi lingine linasema kirusi kimeenda zamani, ni kinga ya mwili yenyewe imebaki na hasira inaendelea kupiga. Kolombia balichota maji ya viungo vya wagonjwa 33, karibu miaka 2 kisha homa, hawakukuta kirusi hata kwa mumoja. Sasa chagua.

Na haiko masomo tu. Kama ni kirusi kimejificha, dawa ya kushusha kinga inaogopesha. Kama ni kinga imekasirika, dawa ya kuishusha njo yenyewe inatakiwa.

#19 Labo Goma
Miye naegemea upande wa kinga, lakini ile ya Kolombia ilipima maji ya kiungo tu, haikukata ngozi. Kirusi kinaweza kuwa kwenye ngozi na maji yakawa safi. Kwa hiyo Mwanafunzi, haijafungwa.

#20 Motari Birere
Mumeanza kupigana na masomo, mugonjwa iko palepale. Mama anauliza afanye nini na yaya yake! Dexa ni mbaya ao ni nzuri?

#21 Enfirmie Himbi
Motari ameongea kweli. Dexa na predinizoloni: zinashusha uvimbe mbio, hiyo hakuna mutu anakataa, ndiyo maana mafarmasi ya kartie yanazipenda, mugonjwa anatoka anatembea na anarudi kulipa tena. Ukizikata gafula maumivu inarudi, wakati mwingine na nguvu kupita mbele. Mama alituandikia hiyo mwenyewe kwenye #1 bila kujua. Sukari inapanda, tansio inapanda, mifupa inalegea, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamuka, na hapa kwetu TB haiko hadisi.

#22 Mwanafunzi wa Medsini, Bukavu
Enfirmie, nakubali karibu yote ila usizifute kabisa. Brazili, ambako chikungunya inawatesa tangu 2014, banatumia predinizoloni kwa mugonjwa ambaye homa imeisha na viungo vimekatalia, kwa kipimo kidogo, mudomo siyo sindano, na banaishusha polepole chini ya macho ya munganga. Bale ya Réunion balikuwa na woga nayo zaidi. Kitu kibaya ni sindano za hapa na pale bila mutu kuandika kiasi gani.

#23 Enfirmie Himbi
Brazili banapima sukari ya mugonjwa mbele na nyuma. Hapa nani atapima? Dawa inaweza kuwa nzuri kwenye kitabu na ikauwa kwenye kartie. Hapo sitatoka.

#24 Dada Nguba
Ninyi wawili mutaoana tu 😄 Mama, mubebe yaya kwa munganga wa magonjwa ya ndani, na umupelekee karatasi ya dawa zote amechomwa. Zote.

#25 Motari Birere
Na sambaza, hizi samaki ndogo za ziwa? Batu banasema sambaza na nyama ya mbuzi njo vinavimbisha miguu. Jirani yangu aliambiwa aache.

#26 Labo Goma
Jirani yako pengine iko na gute, ile ya asidi ya uriki. Hiyo mara mingi inapiga kiungo kimoja, kidole kikubwa cha muguu, usiku, mutu hawezi hata kugusishwa shuka, na bia ya Primus nyingi inasaidia kuiita. Ya yaya iko pande zote mbili na ilianza na homa. Amuachie sambaza zake, mugonjwa lazima akule.

#27 Kine wa Ibanda
Jambo. Naona muko munaongea dawa tu. Miye ni kine, munganga wa mazoezi ya viungo, nafanya nayo kila siku, na niseme: mutu mwenye viungo vya chikungunya akilala kitandani miezi, hata kirusi kikiisha atabaki na mukono hauwezi kazi. Wakati wa homa apumzike. Kisha homa kutoka, atembeze viungo kila siku bila kulazimisha. Asubuhi, maji ya vuguvugu ndani ya beseni, mikono yote ndani, afunge ngumi pole pole na kufungua, kidole kimoja kimoja kiguse kidole gumba. Achukue kitambaa kidogo chenye maji akikamue, hata kama ni tone moja linatoka. Vifundo: akikaa kwenye kiti, azungushe muguu kama anaandika chini. Kama baada ya mazoezi maumivu inabaki mpaka siku ya pili, alizidisha, apunguze, asiache. Hapa Bukavu na hivi vilima vyetu naambiaka wagonjwa bashuke kiupande-upande na fimbo, goti halipigwi sana. Goma muko na bahati ya tambarare, ila mawe ya volkano yenu nayo yanavunja vifundo, avae kiatu cha kufunga, si sapata.

#28 Mama wa Ndosho
Kine, Mungu akubariki. Hakuna hata mumoja alituambia hii ya beseni. Sindano ya diklo tumesimamisha. Swali lingine, munganga mumoja alitaja metotrekisati, nikasoma kwamba ni dawa ya kansa, nikaogopa.

#29 Mwanafunzi wa Medsini, Bukavu
Usiogope jina mama. Kwa kansa ni dozi kubwa, kwa viungo ni ndogo sana. Kisha miezi 3, viungo vikiwa bado vinavimba, ugonjwa unahesabiwa wa muda mrefu na unaanza kutibiwa karibu kama rumatizimu ya kinga, na hapo njo metotrekisati, salfasalazini na ile hidroksiklorokini zinaingia. India balilinganisha: zote tatu pamoja zilishinda hidroksiklorokini peke yake.

Lakini sikiliza muzuri. Metotrekisati inakunywewa MARA MOJA KWA JUMA. Kwa juma, siyo kwa siku. Batu banakufa juu ya kukosea hapo. Inaendana na asidi foliki, damu na ini vinapimwa mbele na njiani, pombe hapana, na mwanamuke mwenye mimba ao anayetafuta mimba haigusi. Na mbele ya kuanza, bapime pia kama haiko rumatizimu yenyewe iliyoamuka kwa nafasi ya homa, juu hiyo nayo inafanyika.

#30 Mzee wa Katindo
Na huyu mbu wa muchana anatoka wapi? Goma iko juu, karibu mita 1,500, baridi. Uvira naelewa, kule kwenye Tanganyika ni joto. Hapa?

#31 Labo Goma
Papa, baridi inamupunguza, haimumalizi. Na ugonjwa huu yaya alitoka nao Matadi, hatusemi uko Goma. Ila angalia namna tunaishi: hapa ni mawe ya lava, hakuna kisima, maji tunayaweka kwenye bidoni na fito (mapipa) nyumbani. Aedes anapenda sana maji safi yaliyosimama, hata ya kwenye tairi nyuma ya garaji. Mayai yake anayabandika kwenye ukuta wa fito juu kidogo ya maji, na yanaweza kukauka miezi na bado yakazaliwa maji ikirudi. Kumwaga maji hakutoshi, lazima usugue ndani na brosi, kila juma, na ufunike. Mustikere (neti) ya usiku inasaidia kwa malaria na o'nyong-nyong, kwa huyu wa muchana inasaidia mutoto anayelala saa nane na mugonjwa kitandani.

#32 Mwana Kadutu
Fito sawa. Lakini miye bado sijajibiwa kwa nini mutu na jirani yake banaumwa na mbu mumoja, mumoja anapona juma mbili na mwingine mwaka.

#33 Binti wa Mvita
Kwetu walisema wenye kirusi kingi sana kwenye damu siku za mwanzo ndio wanaoteseka zaidi baadaye. Ila shangazi homa yake ilikuwa ndogo, mumewe ndiye aliyelala hoi, na mumewe akapona mbele yake. Sijui mnaielezaje hiyo.

#34 Enfirmie Himbi
Umri, na viungo alivyotumia maisha yote. Mwanamuke anafua, anasonga, anabeba bidoni. Naiona mimi.

#35 Mwanafunzi wa Medsini, Bukavu
Au homoni. Au namna kinga yake imeumbwa. Enfirmie, wanaume wa Birere wanasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, kutwa nzima na hawaumwi kuliko wanawake.

#36 Motari Birere
Chukudu usiiguse Bukavu hamna hata moja 😂

#37 Lushois Katuba
Miye mwezi ujao niko naenda Kinshasa na Matadi kwa biashara. Chanjo iko? Nasikia batu banasema iko.

#38 Labo Goma
Ziko mbili. Ixchiq, iliruhusiwa Marekani Novemba 2023, ni ya kirusi hai kilicholegezwa, kisha Agosti 2025 Marekani ikaisimamisha juu ya wazee walioumwa vikali baada ya kuchanjwa. Ya pili Vimkunya, ya 2025, haina kirusi hai. Kwenye farmasi ya kartie usinunue kitu chenye hilo jina. Beba mikono mirefu, soksi, na mafuta ya mbu ya kupaka asubuhi, siyo jioni tu.

#39 Lushois Katuba
Aksanti. Na mafuta ya mchaichai yanafaa?

#40 Dada Nguba
Inanukia vizuri lakini inaisha nguvu mbio, utapaka mpaka chupa iishe. Tafuta yenye DEET imeandikwa kwenye chupa.